Kinachobaki Mkononi Jioni

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa moja asubuhi, nilikaa kizingitini kwetu hapa Shirere nikajichora visanduku vitatu kwa kalamu ya wino, upande wa ndani wa mkono wa kushoto. Katika kisanduku cha kwanza, karibu na kiganja, nilipaka Naturub, zeri ya wakulima wa kikundi cha Muliru wanaoishi kando ya msitu wa Kakamega. Katika cha pili nilisugua mzizi wa mukombero niliokuwa nimeukwangua ganda. Katika cha tatu, karibu na kiwiko, nilidondosha tone moja la mafuta ya udi kutoka kwenye chupa ya nusu tola niliyoletewa na shangazi yangu wa Mumias. Kisha nikawa nanusa kila nusu saa na kuandika, mpaka nilipolala.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya swali ninalolisikia kila penye manukato, iwe ni dukani mjini au kwenye meza ya mchuuzi karibu na stendi: "Inakaa?" Muuzaji hujibu kwamba inakaa siku nzima, inakaa mpaka ufue nguo, inakaa hata ukioga. Mnunuzi huridhika, akalipa. Nami nimefikia kuamini kwamba swali lenyewe linatupoteza. Manukato ya asili hayakai. Yanaondoka kwa zamu, mepesi yakitangulia na mazito yakifuata, na harufu unayoikuta mkononi jioni si ile ya asubuhi iliyofifia. Ni nyingine, iliyokuwa chini ya ile ya kwanza tangu ulipojipaka. Anayechagua manukato kwa kunusa kifuniko anachagua sehemu ambayo haitafika naye hata nyumbani.

Nianze na kisanduku cha kwanza, maana ndicho kilichomalizika mapema. Naturub hutokana na mrehani wa porini, Ocimum kilimandscharicum kwa jina la wataalamu, jamaa ya ule mrehani ambao akina mama wa Pwani huuchanganya na asumini na waridi kutengeneza kikuba. Huu wa kwetu umejaa kafuri, ile ambayo Pwani huiita karafuu maiti kwa kuwa hutumika katika kuandaa maiti kwa mazishi. Kikundi cha Muliru kilianzishwa mwaka 1997. Kwa msaada wa watafiti wa icipe, kituo cha wadudu alichokiasisi Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wakulima hao waliufanya mrehani kuwa zao la shambani. Mvuke hupitishwa kwenye majani, mafuta yakatoka nao, yakakusanywa na kutiwa kwenye zeri ya mafua, maumivu ya misuli na kuumwa na wadudu. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayosimamiwa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa msitu uliotangazwa kuwa hifadhi tangu 1933 na ambao umeendelea kupungua machoni petu, jani linaloleta pesa bila mti kukatwa si jambo dogo.

Lakini kwenye ngozi, kafuri haina subira. Ni kitu kigumu kinachopaa kuwa hewa bila hata kuyeyuka kwanza. Ukiiacha wazi kabatini, siku moja utakuta karatasi tupu. Mkononi mwangu, saa moja na nusu ilikuwa bado inapasua pua. Saa mbili na nusu nilihitaji kuinamisha kichwa ndipo niisikie. Kufikia saa tatu na nusu palibaki harufu ya mafuta ya zeri na ubichi hafifu wa majani, kama uga uliofagiliwa baada ya mvua. Hilo si kasoro. Dawa ya kifua inatakiwa iachane na ngozi upesi iingie puani. Sifa hiyo hiyo inayoifanya kuwa zeri nzuri ndiyo inayoizuia kuwa manukato ya kwenda nayo arusini.

Maelezo ya kawaida ya tofauti hii ni uzito. Kila harufu ni molekuli zinazoruka kutoka kwenye ngozi hadi puani, na nyepesi huruka kabla ya nzito. Limonini, inayotawala ganda la chungwa, ina uzito wa 136 kwa kipimo cha wanakemia. Yujeno ya karafuu ni 164. Harufu kuu ya sandali ni 220, ya pachuli 222, na ile inayoipa ambari sifa yake ni 236. Zikishapita 300 hivi, pua haizipati tena kwa kuwa hazinyanyuki. Ndiyo maana chungwa hukimbia, karafuu hukaa kiasi, na sandali hulala nawe.

Maelezo hayo yanatosha, mpaka ufike kwenye mukombero.

Mtu wa Kakamega hahitaji kuelezwa mukombero ni nini. Ni mzizi wa mtambaaji wa msituni, Mondia whytei, unaouzwa kwa mafungu mjini na kutafunwa kwa hamu ya kula, kwa kuchangamka, na kwa yale mengine ambayo wanaume huyataja wakishusha sauti. Sisi tunaujua zaidi kwa ulimi. Lakini ukwangue, uvunje, uunuse vizuri: ni vanila. Ni vanila yenye ukali kidogo wa tangawizi na udongo, ila mtu aliyewahi kunusa vanila inayolimwa Mukono, Uganda, hawezi kukosa undugu huo.

Na undugu wenyewe ni wa karibu kuliko unavyodhania. Molekuli inayoipa vanila harufu na ile inayoipa mukombero harufu zina chembe zile zile kwa hesabu ile ile: kaboni 8, haidrojeni 8, oksijeni 3. Zote mbili uzito wake ni 152. Kafuri nayo, ingawa imejengwa kwa namna nyingine kabisa, uzito wake ni 152. Kama uzito ungekuwa ndio kila kitu, zote tatu zingeondoka mkononi pamoja. Haziondoki pamoja. Kafuri huchemka kwenye nyuzi 209 za selsiasi hivi, vanila kwenye 285. Tone la vanila kwenye karatasi hunukia kwa siku nyingi. Kafuri kwa siku hizo itakuwa imesahaulika.

Tofauti iko katika kushikana. Molekuli ya vanila ina kama mikono miwili, na mikono hiyo iko mbalimbali, hivyo humshika jirani huku na jirani kule. Umati ulioshikana mikono hautawanyiki upesi. Molekuli ya mukombero ina mikono ile ile miwili, lakini imepangwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo inashikana yenyewe kwa yenyewe kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Haimshiki jirani sana, wala jirani haishiki. Kwa hiyo mukombero huruka kwa wepesi ambao vanila haina, na ndiyo sababu mzizi mmoja uliovunjwa ndani ya matatu husikika mpaka kiti cha nyuma. Kafuri haina mkono wa kumshika mwenzake namna hiyo. Ni kama tufe linaloviringika tu.

Kisanduku changu cha pili kilitii kanuni hiyo. Saa moja kilikuwa kikali na kitamu. Saa nne ule ukali wa tangawizi ulikuwa umeondoka na utamu umebaki peke yake, nao ulikuwa mzuri kuliko mwanzo, harufu ya maziwa yaliyotiwa sukari. Saa sita nilikuwa naukisia. Alasiri palikuwa na udongo tu, harufu ya kikapu kilichobebea viazi.

Sasa udi. Mumias si mbali nasi, na kwa jambo hili Mumias ni Pwani ndogo. Msafiri Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, makao ya Nabongo, mfalme wa Wanga, misafara ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuijua njia hiyo. Biashara ikaleta dini, na dini ikaleta adabu zake, chetezo na manukato yasiyo na spiriti yakiwemo. Shangazi yangu aliolewa katika familia ya namna hiyo, na chupa yake ya udi huiweka pamoja na nguo za sikukuu. Aliponipa ile nusu tola alinitahadharisha: "Mwanangu, usiutie puani saa hiyo hiyo ukauchukia. Ujipake, ufanye kazi zako, ndipo uunuse."

Alisema kweli. Saa moja asubuhi udi wangu ulinuka zizi, na sitafuti lugha ya kupamba. Ulinuka zizi la ng'ombe, dawa ya kidonda, na kitu kilichochachuka. Mtu anayehukumu kwa dakika tano angeurudisha dukani. Saa tatu zizi lilikuwa limetoka na ngozi ya kiatu kipya ikaingia. Saa sita ulikuwa moshi mkavu. Saa tisa ulikuwa mbao, mbao kavu za sanduku la zamani, na chini yake utamu ambao asubuhi sikuuona kabisa. Usiku nilipolala ulikuwa umekaribia ngozi kiasi kwamba sikuweza kuuita manukato. Ulikuwa kama harufu ya mtu. Huo utamu wa mwisho haukuzaliwa saa tisa. Ulikuwa ndani ya tone tangu asubuhi, ukifunikwa na kelele za vile vyepesi.

Mwingereza mmoja, William Poucher, alijaribu kuipa safari hii namba. Alikuwa mtengeneza manukato, na pia mpiga picha maarufu wa milima. Mwaka 1955 alichapisha orodha ya vitu vya kunukia akivipa alama kuanzia 1 hadi 100 kulingana na muda ambao kila kimoja kilidumu. Pachuli na sandali alizipa 100. Kutoka kwa kazi kama hiyo ndiyo tumepata mazoea ya kugawa manukato katika tabaka la juu, la kati na la chini. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini Poucher alinusa kwenye vipande vya karatasi, na karatasi haitoki jasho.

Ngozi ina joto lake, nyuzi 32 hivi mkononi. Ina mafuta yake, ina uchachu kidogo, ina bakteria. Mafuta ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi, kwa sababu molekuli za harufu hupenda mafuta na huondoka polepole zikiwa ndani yake. Mtu mwenye ngozi kavu atalalamika kwamba manukato yamemwibia pesa, huku dadake mwenye ngozi ya mafuta akinukia chupa hiyo hiyo mpaka usiku. Dawa yake ni rahisi: paka mafuta ya mgando kwanza, kisha manukato juu yake. Nyanya zetu waliojipaka samli walikuwa tayari wamejenga msingi huo, hata kama hawakuwa na udi wa kuweka juu. Sehemu ya manukato pia huzama ndani ya ngozi na haitoki tena kwa njia ya pua, kwa hiyo si kila kilichopotea kimepaa.

Halafu hewa. Hapa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na asubuhi za mwezi wa tano ni za sweta. Kwa molekuli nyingi za manukato, joto likipanda nyuzi 10, nguvu ya kupaa huongezeka karibu maradufu. Udi ule ule ambao Mombasa humtangulia mtu mlangoni, hapa Shirere humsubiri mwenzako akukaribie. Wageni kutoka Pwani hudhani tumeuziwa uliochakachuliwa. Siyo, umepoa tu, na kwa kupoa huko safari yake yote inarefuka, zizi likiwemo. Kwa hiyo ushauri wa Pwani wa kujipaka unapotoka nyumbani haufai huku. Jipake saa nzima kabla.

Kuna jambo jingine linalotudanganya, nalo limo ndani ya pua. Saa tano niliandika kwamba udi umekwisha. Dakika chache baadaye mtoto wa jirani alikuja kuomba chumvi, akasimama mlangoni akauliza, "Mama, kwani leo mmefukiza?" Pua huzoea harufu isiyobadilika na kuacha kuripoti, ili iwe tayari kwa harufu mpya. Nilitoka nje, nikatembea hadi barabarani na kurudi, na udi ukawa umerudi. Wengi wanaojimwagia manukato mara tatu kwa siku hawana manukato dhaifu. Wana pua iliyochoka, na wanaokaa nao ofisini ndio wanaobeba mzigo.

Miaka miwili kabla ya Jumamosi hiyo nilinunua chupa katika duka moja la jiji kubwa, ikiwa na maandishi kwamba ni mafuta asilia kwa asilimia 100 na yanadumu saa 24. Yalidumu kweli. Asubuhi yalinukia mbao tamu, adhuhuri mbao tamu, usiku mbao tamu, kwa kipimo kile kile kama redio iliyokwama kwenye stesheni moja. Niliumia, na si kwa sababu vya kiwandani ni vibaya. Miski za kiwandani zimempa ahueni paa wa miski, na ambari ya kiwandani imemwondolea nyangumi sababu moja ya kuwindwa. Niliumia kwa sababu nililipa bei ya mti nikapewa maabara, bila kuambiwa. Kubadilika si ushahidi kamili wa uasilia, maana fundi hodari anaweza kuyafanya ya kiwandani yabadilike pia. Lakini kutobadilika kabisa kwa siku nzima ni ushahidi mzuri wa kinyume chake. Mafuta ya mmea yana molekuli za aina nyingi, na haiwezekani zote ziwe na mwendo mmoja.

Na sasa niseme kinachonisumbua zaidi katika hilo "inakaa?" letu. Linganisha muda wa harufu kwenye ngozi na muda iliochukua kutengenezwa. Mrehani wa Muliru huchumwa ukiwa na miezi michache, na huondoka kwa saa chache. Sandali nzuri hutoka kwenye moyo wa mti uliokaa miongo. Udi hutoka kwenye mti wa Asia ulioshambuliwa na kuvu, ukajitetea kwa utomvu mweusi kwa miaka. Ambari, ambayo Al-Masudi aliyesafiri pwani hii karne ya 10 aliitaja miongoni mwa bidhaa za bahari ya Zanji, hutoka tumboni mwa nyangumi na huelea juani na chumvini mpaka iive. Kanuni hii ina wakaidi wake. Pachuli ni jani tu, na limepata 100 ya Poucher. Hata hivyo kwa jumla, kinachochelewa kuondoka kilichelewa kuja, na hakirudishwi upesi kikiisha.

Kenya inalijua hili kwa uchungu. Tuna msandali wetu, Osyris lanceolata, wa nyanda kavu kama Samburu na Baringo. Mafuta yake mengi yako kwenye mizizi na shina la chini, kwa hiyo anayeutaka haukati, anaung'oa. Mwaka 2007 rais alipiga marufuku uvunaji wake, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa. Malori ya magogo yake yameendelea kukamatwa. Aina zote za mti wa udi ziko kwenye orodha hiyo hiyo tangu 2005. Tunapomdai muuzaji harufu isiyoisha, kuna mahali mzizi unang'olewa ili atujibu ndiyo.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza kama inakaa. Nauliza itakuwa nini saa nne, na itakuwa nini saa kumi, na muuzaji asiyeweza kunijibu namwomba tone moja mkononi niondoke nalo, nirudi kesho.

Baada ya ile Jumamosi nilijaribu kitu kimoja cha hapa hapa. Nilikwaruza mukombero, nikauloweka kwenye samli ya uvuguvugu kwa juma zima nikibadilisha mizizi kila siku ya pili, kisha nikachuja na kuyeyushia humo kipande cha nta ya nyuki kutoka sokoni. Fikra yenyewe si mpya. Wafanyakazi wa Grasse, Ufaransa, walinasa harufu ya asumini kwa mafuta ya wanyama kwa muda mrefu. Nilitaka tu kuona kama nta ingeishika ile molekuli iliyokunja mikono. Nilijipaka Jumapili saa moja. Saa tatu ilikuwa vanila na asali. Saa sita, ambapo mukombero mtupu ulikuwa umeniaga, utamu ulikuwa bado wazi bila kuinama. Saa nane ulikuwa umechanganyika na nta kiasi cha kutotengana. Ulikatika saa tisa na robo, wakati matone ya kwanza yalipoanza kugonga mabati.